Trei Kumi na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri nafunga mayai.
Trei kumi na mbili, mia tatu na sitini,
gazeti kuukuu kati ya trei na trei,
kipande cha godoro chini, mpira wa tyubu juu,
fundo, na fundo juu ya fundo.
Syombua amesimama mlangoni na taa ya simu,
anaitazama mikono yangu, hasemi.
Kisha anasema:
"Yai la shilingi kumi na tano umelilaza godoroni.
Hilo lililo juu ya shingo ulilinunua bei gani?"

Kofia ngumu iko pale msumarini, kando ya kalenda.
Ya buluu. Aliinunua Gikomba kwa pesa za chama
bila kunipima.
Nami najibu nilivyojibu jana:
kichwa ni changu.
Miaka arobaini na mitatu nimetembea nacho,
kimebeba magunia ya vitunguu, kimebeba madeni,
kimepokea matusi ya madereva wa kila kabila,
hakijaomba kibali cha mtu.
Tena ina joto.
Tena inanuka jasho la mtu nisiyemjua, wa ng'ambo.
Tena (hapa napandisha sauti, mtoto anageuka kitandani)
lori la mchanga halijui kofia!
Wakitaka kuniokoa wanipe njia.
Ile waliyonichorea kando ya Outer Ring
imejaa viazi, magari yaliyolala, na mbuzi wa mtu.
Mbona nivae mimi kichwani
deni la barabara iliyojengwa kana kwamba sipo?

"Kweli tupu," asema Syombua.
"Na njia ikichelewa?"

Nikakanyaga pedali.

Jumanne hiyo hiyo, kabla ya Donholm,
mfuniko wa shimo la majitaka ulikuwa umeng'olewa,
umeshauzwa kwa kilo.
Gurudumu la mbele likazama, nami nikaruka.
Ukingo wa saruji ulinikosa
kwa vidole vinne, labda vitatu,
niliusikia ubaridi wake sikioni.

Na unajua nilichofanya kwanza?
Nilihesabu mayai.
Nimekaa chini, goti wazi, nahesabu.
Arobaini na saba.
Kiini kikateleza juu ya lami kuelekea mtaroni,
hakina haraka.
Mama wa chapati akasogea na ndoo ya maji,
akaninawisha goti, akatazama lami,
akasema kama anayejisemea:
"Ganda ni ganda."

Sitaki sheria. Hata leo sitaki.
Askari atakayenisimamisha
ataulizia kofia huku macho yako mfukoni.
Na Kiptanui, jirani yangu, anayesukuma mitungi ya maji
kwa mwendo wa jongoo, kutoka bombani hadi ploti,
yeye nimwambie nini?
Kila mtu na shingo yake.

Ila jioni niliporudi
msumari ulikuwa mtupu.
Kofia ilikuwa mezani, imepinduliwa,
ndani yake mayai tisa,
yale yaliyopata ufa lakini hayakumwagika.
"Bakuli zote chafu," alisema Syombua,
akaendelea kumenya vitunguu.
Bakuli nne safi zilikuwa rafuni, nikiziona.
Tulikula. Hatukuzungumza habari za vichwa.

Asubuhi niliyatoa yaliyobaki, moja moja.
Nikaivaa.
Ilinibana kwenye paji, na bado nasema
hakuna aliyenilazimisha, niandikieni hivyo.
Syombua alishika taa, akaangalia fundo la mpira,
akaangalia lile la kidevuni,
akalikaza kidogo. Kidogo tu.

Barabara kuu nilikwenda nayo.
Nilipoingia Umoja niliivua,
maana humo ndani mimi huenda polepole,
nikaitundika kwenye usukani,
ikawa inagonga chuma, tok, tok,
duka hadi duka,
na wateja wakidhani ni kengele mpya.