Pampu Namba Mbili

Kila Juni wanakuja watu wa benki,
viatu vyao vimeshika vumbi la Pongwe,
wanakunywa soda ofisini kwa Bwana Shekiondo,
wanaondoka. Deni limesogezwa mbele.
Sisi wa stoo tunajua kwa mlio:
korona ya mkonge inaguna tena
kama mtu aliyeamshwa, asiyetaka kuamka.

Mimi ndiye mwenye daftari la bwawa.
Napima maji kabla hayajatoka,
naandika rangi, harufu, uchachu.
Pampu namba mbili ilikufa mwaka wa mafuriko.
Nimeomba beringi. Nimeomba tena.
Fomu zangu zimo kwenye faili la kijani
lililoandikwa MAZINGIRA kwa mwandiko mzuri.
"Subiri, Singano," naambiwa, "tuvuke kwanza."
Mwaka wa tisa huu tunavuka.
Mto gani huu usio na ng'ambo?

Bei ya beringi naijua kwa moyo:
haifiki riba ya siku nne.

Basi maji yanatoka jinsi yalivyo,
kahawia, yakinuka pombe iliyosahauliwa,
yanapita kwa Mama Kichenje
aliyekuwa na matuta kumi na mawili ya mchicha;
yamebaki matatu, upande wa juu.
Hakuja na bango. Alikuja na ndoo.
Akaitua mezani kwangu, juu ya daftari,
akasema: "Isome."

Ningemwambia nini?
Kwamba benki ikikiri tumekufa
shimo letu litakuwa shimo lake?
Kwamba mkaguzi akitupiga faini
tutaikopa faini kwa walewale?
Kwamba mwanangu yuko kidato cha tatu,
na mshahara wa Machi nimelipwa Mei,
nikashukuru?

Mwaka jana tulipanda mikoko arobaini, Utofu.
Picha ipo ukurasa wa kwanza wa ripoti.
Fulana naivaa kulalia.
Mikoko, sijui.

Wahenga walisema kufa kufaana.
Hawakutuachia neno juu ya asiyekufa.
Kule Maramba kuna kijana alizitaka mashine zetu;
ana bwawa lenye matete,
maji yake ukiinama unajiona uso.
Benki ilimwambia fungu limekwisha.

Ndoo ya Mama Kichenje bado iko stoo.
Niliiingiza kwenye leja, kama mzigo wowote:
Imepokelewa. Lita ishirini. Kahawia.
Safu ya bei nimeiacha wazi.