Kuazima Beleshi

Mvua ya Novemba haibishi hodi Cimpunda.
Inashuka mlima na udongo mwekundu mdomoni,
inagonga ukuta mpya wa Papa Zihindula, inapinda,
inaingia jikoni kwangu
kama mgeni aliyeelekezwa.

Na kweli imeelekezwa. Niliyaona matofali matatu
aliyoyapanga usiku, akidhani giza ni pazia.

Usiku wa kwanza nilitunga maneno.
Ya Kiswahili, ya Mashi,
na ya Kifaransa kwa ajili ya chefu wa avenyu,
yenye muhuri tayari.
Nikichota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje
nilimshinda Zihindula mara kumi na moja,
na kila mara alinyamaza pale nilipotaka anyamaze.
Ni rahisi kumshinda mtu asiyekuwepo.

Mimi ndiye mweka hazina wa likelemba yetu,
wanawake ishirini na wawili, miaka tisa,
haijapotea faranga.
Sisomi daftari tu, nasoma kitenge kilivyofungwa.
Nsimire akinichekea kabla sijamsalimu, najua hana mchango.
Nankafu akija mkali, mume amekunywa ada ya watoto;
nampa zamu ya mbele, nasema kalamu imekosea.
Basi mbona mwenyewe sijisomi?

Usiku wa pili nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikaigeuza hasira yangu kwenye mwanga wa simu
kama noti ya dola pale Nyawera,
nikitafuta ilipochanika.
Haikuwa ya maji.
Ilikuwa ya Machi, ya matanga ya mama,
viti vya plastiki hadi barabarani,
na Zihindula akipita na mwavuli
akitazama viatu vyake.
Maji yalikuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Sikupoa. Sitasema uongo.
Nilibaki na hasira mbili badala ya moja,
ila sasa kila moja ina jina,
na kitu chenye jina hugeuka ukikiita.

Nikakumbuka pia: ni Machi ileile
mkewe alipochukua mabinti akaenda Uvira.
Tangu hapo shati lake halina kifungo cha pili.
Anayekwepa matanga huenda anakwepa swali,
mama watoto hajambo?
Huenda. Sikuiandika kwenye daftari,
niliiweka pembeni, kama pesa isiyojulikana ni ya nani.

Chefu anataka bia ili afungue kinywa
na bia nyingine ili akifunge.
Ningeshinda. Na Zihindula angebaki pale pale, juu,
na mvua zote za Desemba mkononi.
Anayekaa juu yako mlimani
humshindi, unapatana naye.

Alfajiri ya tatu nilipanda kwake.
Tope magotini. Sikutaja tofali.
Papa Zihindula, nataka kuchimba mfereji, niazime beleshi.

Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya ghasia.
Alikuwa ameandaa jibu,
nami sikumletea swali.
Alisimama hivyo kitambo,
jibu zima mdomoni, halina pa kwenda.

Akanipa. Mpini umeviringishwa kitambaa cha kitenge,
maua ya njano, nakijua kitenge kile.
Nilikiona. Sikusema nimekiona.

Nilichimba hadi saa nne, peke yangu.
Hakushuka.
Jioni matofali mawili yalikuwa yameondolewa.
La tatu lipo, linanitazama.

Dada yangu anasema hiyo ndiyo akili.
Mimi sijui. Usiku mwingine naona ni woga
uliofundishwa adabu.

Beleshi bado liko kwangu, nyuma ya mlango.
Nitalirudisha Jumapili, limeoshwa.
Kwenye kopo la sindano nimepata kifungo cheupe
kinachokaribia kufanana.
Nimekitoa, nimekirudisha,
nimekitoa tena.