Kurudi Nyuma na Karavani

Daktari wa Port Augusta alikunja karatasi mara mbili
akasema, Mervyn, ya leseni tuyamalize leo.
Hukujibu. Ulitoka nje, ukalizunguka gari
ukipiga teke tairi moja moja; la nne ukalikosa.

Sasa usukani ni wangu.
Kutoka Marree barabara ni bati tupu, mgongo kwa mgongo,
vikombe kabatini vinagombana kama mawifi,
na vumbi, jekundu kama pilipili ya kusaga,
limejipenyeza hadi ndani ya mkate uliofungwa.
"Gia ya nne," unasema. Nimo kwenye ya nne.
"Shimo." Nimeliona.
"Lingine." Hilo ni kivuli, Merv, kivuli cha wingu.
Mtu aliyeendesha miaka arobaini na mmoja
haachi kwa kunyang'anywa usukani tu:
mguu wako wa kulia bado unakanyaga
breki ambayo upande wako haipo.

Lori la ng'ombe, matela matatu nyuma yake, likatupita
na dunia nzima ikawa rangi ya tofali.
Nilishika usukani nikahesabu hadi ishirini.
Ulihesabu nami, chini chini, ukidhani sisikii.

Kwenye kituo cha mafuta mama mmoja wa Kiarabana,
Darlene, jina limeshonwa kwa uzi wa njano kifuani,
alikutazama ukishuka mlango usio wako,
akanitazama mimi na ufunguo mkononi.
"Waume wote wanaoshushwa kwenye usukani," akasema,
"hapa kwangu hununua aiskrimu."
Ulinunua mbili. Ukala zote mbili.

Halafu jioni, kambini, ikafika saa niliyoiogopa.
Karavani haiendi unakotaka.
Ukitaka mkia wake uende kulia
zungusha usukani kushoto, kidogo, halafu ujute.
Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyesimama nyuma,
mikono juu, koo limenikauka kwa kupiga kelele,
nawe kwenye kioo hukunitazama hata siku moja.

Leo umesimama ndani ya kioo changu,
mdogo kama kidole gumba, kofia imeteleza kisogoni.
Mkono wako unapunga: njoo.
Naja.
Unapunga tena, kwa nguvu: njoo, njoo.
Naja, mume wangu, naja.
Kishindo.
Pipa la taka la kambi limelala chali,
kunguru watatu wanatutukana kutoka mtini.
"Ulisema njoo!"
"Nilikuwa nafukuza nzi, Glenys!"

Tulicheka hadi nikakaa chini kwenye changarawe.
Jirani, mzee mwenye mbwa wa miguu mitatu,
alizima redio yake ili asikie vizuri.
Taa ya nyuma imepasuka. Uliigusa kwa vidole
kama unavyogusa shavu la mtoto mwenye homa
ukasema, "Ningefanya vibaya zaidi."
Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwako.
Nilijifanya sikulisikia, ili lisirudi ndani.

Usiku, birika linanung'unika juu ya gesi.
Nyota zimemwagika, nyingi hadi inakera.
Kwako katikati ya kila kitu kuna tundu;
zimebaki kingo, pembe, pindo za nguo.
Uso wangu, uliniambia jana bila kunitazama,
ni nywele zilizozunguka ukungu.
Ukitaka kuniona unaangalia pembeni,
mlango wa karavani, bega langu, taulo kwenye kamba.

Sasa hivi unaangalia taulo.
Natengeneza nywele zangu.

"Gesi umefunga?"
"Nimefunga."
Sijafunga. Nainuka polepole,
navua viatu kwanza, usinisikie.