Mwanga wa Ubavuni

Umeme ulikatika Oktoba, haukuaga.
Huko Georgia, mlimani, chini ya paa la kuzunguka,
Mzevinar akaifunika kamera kwa blanketi la mumewe,
akachonga penseli.

Paa hulisukuma kwa bega.
Darubini haidai umeme, yadai shingo.

Hatafuti zile bahari nyeusi
ambazo hata mtoto huziona kwa macho matupu.
Anatafuta kusini, kwenye nyanda za juu nyeupe,
shimo juu ya shimo, mkate uliodonolewa na kuku.
Humo mna kasoko moja kuukuu:
ukuta wa mashariki umelala,
wa kusini umechanwa na kifusi kilichorushwa kutoka mbali,
na kijikasoko cha juzi kimekalia ukingo
kama mwenye nyumba.
Ramani imeipa herufi. Jina amepewa jirani.

Kule hakunyeshi, hakuvumi.
Nani basi kailainisha hivi?
Vijiwe, hujijibu, vidogo kama punje za chumvi,
kimoja leo, kimoja mtondogoo,
miaka ambayo hapakuwa na wa kuihesabu.

Mwezi kwa mwezi, usiku wa nane,
jua la huko likichungulia kiubavu,
ukingo hutoka gizani: kwanza uzi,
halafu pete iliyokatika.
Ana saa mbili.
Anavua glavu, anachora, anapuliza vidole,
anachora.
Usiku wa kumi na nne, majirani wakitoka kuusifu mwezi,
kasoko haipo.
Mwanga umeikabili usoni, ikafutika
kana kwamba haijapata kupigwa.

Nyumbani, mshumaa uko kushoto kwa Otar.
Anamenya viazi.
Shavuni vishimo vya tetekuwanga, anavijua;
ila huo mfereji chini ya taya,
miaka ishirini na sita ya ndoa,
ndiyo kwanza anauona.
“Huu?”
“Farasi. Nilikuwa na miaka saba.”
Ganda la kiazi likaendelea kushuka, refu, bila kukatika.
Baadaye sana akasema: “Alikuwa wa kaka yangu.
Walimuuza wiki ileile.”

Umeme ulirudi Machi, saa ya chakula.
Kijiji kizima kilipiga kelele, mtu akagonga sufuria.
Balbu juu ya meza ikawaka,
na uso wa Otar ukawa karatasi.
Mzevinar akanyoosha mkono, akazima.

“We mama,” Otar akasema gizani,
“na chumvi je, niitafute kwa darubini?”