Gego la Bi Thuwaiba

Al-Khoudh, saa nne asubuhi, Agosti.
Nje lami inanata kwenye soli za viatu.
Ndani, Bi Thuwaiba amefumbua kinywa,
na kwenye gego la chini, upande wa kushoto,
mna shimo la kutosha punje ya mtama.
Miaka sitini ya tende, ananiambia,
na halua ya kila Idi,
na ya siku zisizo Idi.

"Toa kote, mwanangu. Usibakishe chembe.
Kibovu hakifugwi."

Nami ndivyo nilivyofundishwa, Bi Thuwaiba.
Mwalimu wangu alikuwa mtu wa keekee:
inalia kama nyigu aliyenaswa chupani,
dakika mbili, shimo jeupe, mgonjwa anashukuru.
Lakini keekee haijui kuonja.
Inapita kwenye bovu, inapita kwenye zima,
na nyuma yake inapaka uji wa unga wa jino lenyewe,
utando mwembamba juu ya vile vitundu
ambamo gundi ilitaka kupenya ishike.
Miaka miwili, mgonjwa yule yule mlangoni,
kijazo kimefungwa kwenye karatasi ya kufutia pua.

Leo nimeizima.
Nimetia jeli ya utomvu wa papai.
Papai? macho yanauliza; mdomo umejaa pamba.
Papai, ndiyo, lile lile la kulainishia nyama.
Hula kilichokufa, kilicho hai hukiacha.
Nangoja. Nahesabu hadi arubaini.
Nakuna kwa kijiko butu,
na bovu linabanduka kama ukoko uliolowekwa usiku kucha.

(Iko leza pia, kule mjini kwa wenye riali.
Haiachi uji, vitundu hubaki wazi,
ila joto lake likizidi huunguza nyuzi,
na gundi ikifika haikuti pa kujishikiza.)

Sasa kijiko kinagusa pengine:
hudhurungi, lakini pagumu. Panalia, kri, kri.
Mkono wangu wa zamani unataka kuendelea.
Naushika.
Hapa pamejeruhiwa, hapajafa.
Pakifunikwa vizuri, pakanyimwa sukari,
patakaza penyewe.

Tone la asidi. Maji. Kisha upepo,
na hapa ndipo wengi tunapokosea,
sisi tunaoanika kila kitu juani, limau, papa, mashuka:
jino likikaushwa mno, nyuzi zake hulala chini
kama mkeka uliokanyagwa,
na gundi huteleza juu yake.
Acha unyevu kidogo. Uso ung'ae, usitiririke.
Halafu gundi, halafu kijazo, tabaka kwa tabaka,
na mwanga wa buluu unaofanya shavu lake
lionekane kama taa ndani ya chandarua.

Anatema. Anapitisha ulimi.
"Umetoa kote?"
"Sikutoa kote."
Kimya. Kiyoyozi kinakohoa.
"Basi na mimi silipi kote."

Nimempunguzia riali mbili.
Kwenye faili nimeandika: ukingo umekaa, arudi Februari.
Sikuandika kwamba sina hakika.
Gundi hizi hupimwa kwa mashine
zinazovuta meno yaliyokwisha kung'olewa,
na hakuna mashine inayokula tende.

Kupitia dirishani namwona kwenye kivuli cha ukuta,
anasubiri gari la mjukuu,
mkono tayari umo ndani ya mkoba,
anatafuta kitu cha kutafuna
upande wa kushoto.