Herufi ya Brais

Tulikuwa wanawake arubaini na moja
katika kiwanda cha kome, Cambados,
vidole vimenyauka kwa mvuke,
harufu haitoki hata kwa limau.
Kila alfajiri mnyapara Eladio alitusalimu mlangoni,
"Habari zenu nyote,"
na "nyote" yake iliishia na a,
maana lugha yetu, kama huijui,
huyavika maneno sketi au suruali,
hata meza, hata mvua.

Juni akaja Brais. Miaka kumi na saba,
ndevu hana, kufunga mkebe hajui.
Asubuhi ile ile Eladio akasema "nyote"
kwa o.

Sikujua kilichonikera.
Nilidhani ni njaa.
Mdomo ulioachama umefanywa duara,
arubaini na moja tumemezwa na kitundu
kisichozidi kifungo cha shati,
na aliyetumeza anapiga miayo,
hana habari.

Nikamnong'oneza Sabela: Umesikia?
"Nini?"
Ile o.
"Sarufi hiyo, Maruxa. Pakia."

Nikapakia. Kome kumi na wawili, mafuta, mkebe.
Kome kumi na wawili, mafuta, mkebe.
Lakini sikio likishazibuka halina kifuniko:
mbweha dume anasifiwa ujanja,
jike lake, neno lile lile, linatupwa mtaani kuwa tusi;
fomu ya benki inamtaka "mwenye nyumba" kwa o,
nami ndiye niliyeilipia nyumba hiyo
miaka kumi na tisa, kome kwa kome.

Ijumaa moja Brais hakuja. Homa.
Nilifika mapema, nikatega sikio,
nikaisubiri a yetu irudi.
"Habari zenu nyote," akasema Eladio,
kwa o.
Kigoda kitupu kilitosha.
Safari hii Sabela alisikia. Tulicheka
mpaka tukafokewa.

Jioni mjukuu wangu Antón akaanguka na baiskeli,
goti limechubuka, kilio mtaa mzima.
Nikamwinua, nikampangusa, nikasema,
"Nyamaza, usilie kama msi—"

Likakwama.
Nililihisi ulimini, gumu,
kama kile kipande cha gamba
kinachobaki ndani ya kome
hata umwoshe vipi.
Antón akanyamaza, akanikazia macho mdomoni,
akisubiri nimalize.