Shilingi Tatu kwa Ukurasa

Bei yangu ni shilingi tatu kwa ukurasa,
mbili ukinieleza unasema nini.
Nimeibandika ukutani, kando ya kalenda ya mwaka juzi,
na wanafunzi hudhani ni mzaha.

Niko Ngara, mlango wa pili kutoka kwa fundi wa viatu.
Mashine mbili, moja inakohoa.
Vitabu vya chuo navijua kwa mgongo na kwa uzito:
cha uchumi hakikubali kulala wazi,
cha sheria karatasi zake nyembamba, maneno ya nyuma yanachungulia,
cha uuguzi kimechakaa palepale, sura ya saba,
kurasa nyingine bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani.
Miaka kumi na moja natoa nakala ya sura ya saba.
Sura ya sita ilikosa nini?

Basi nikaanza kuuliza.

Abdirizak alikuja mbio na kurasa ishirini na mbili.
“Mama Mumbua, pini juu kushoto, nina darasa saa nane.”
Zinasema nini?
“Ni za mtihani.”
Sikukuuliza ni za nini. Zinasema nini?
Akazitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani amshike kidogo.

Papo hapo stima ikapotea.
Ngara ikanyamaza, kisha jenereta za wenye nazo zikaanza kunguruma.
Mimi sina jenereta. Nina kreti mbili za soda, zimepinduliwa.
Nikamwambia keti, soma aya ya kwanza kwa sauti.
Akaisoma kama karani anayehesabu pesa za mwingine,
upesi, bila kuzitamani.
Polepole, nikasema. Sentensi moja.
Sasa iseme kwa Kiswahili.
Au kwa Kisomali, nitakutazama uso.

Naliaka, aliyekuwa akingoja tasnifu yake ijalidiwe,
akaingilia: la, umeruka “hata hivyo”,
hapo mwandishi anageuka,
amewanukuu wenzake ili awapinge.
Wakabishana mpaka nikasahau njaa.
Abdirizak akarudi nyuma kwa kidole,
kidole kilekile tunachowakataza watoto,
akafika kwenye “hata hivyo”, akasimama.
“Kumbe,” akasema.

Neno hilo silitozi.

Stima ilirudi saa tisa kasorobo.
Darasa lake lilikuwa limempita. Sijivunii hilo.

Wengi bado wanalipa tatu na kuondoka.
Sawa. Kodi ya kibanda hailipwi kwa kumbe.
Jepkosgei hulipa tatu, kisha jioni anarudi kudai chenji,
amesoma kwenye foleni ya chakula, ana mchuzi kwenye pambizo.
Namsikiliza, namrudishia.
Na Kathini, wa mwaka wa kwanza, aliyesoma aya moja
mara tatu akadhani amerogwa.
Akaninong’oneza, “Mama, wengine huelewa mara moja?”
Nani amekwambia? Mimi mara sita,
na niliachia kidato cha pili.
Alicheka, huku macho yamemjaa maji.
Miaka kumi na miwili shuleni, hakuna aliyemwambia
kwamba kurudia kunaruhusiwa.

Nakala zilizoharibika nilikuwa namuuzia mwenye njugu.
Siku hizi naenda nazo nyumbani,
zile zilizotoka kombo, zilizotoka hafifu, zilizokula wino.
Nasoma maharagwe yakichemka.
Kwa hiyo najua mianzo mingi na miisho michache,
na kitabu kizima sijawahi kukimaliza.

Juzi nimepata kimoja kuhusu maji.
Kijiji kimechimbiwa kisima kipya, pampu inang’aa,
wageni wamekata utepe wakaenda zao,
na wanawake wakaendelea kwenda mtoni, kilomita nne,
wakikipita kisima hicho asubuhi na jioni.
Mtafiti akakaa nao mwaka mzima.
Mwishowe wakamwambia.
“Sababu kuu,” anaandika, “haikuwa maji yenyewe, bali”

na ukurasa umeishia hapo.

Ni wa mia moja na kumi na tatu.
Mwenye kuleta unaofuata,
simtozi hata senti.
Ila atakaa.